Siku Sauti ya Njeri Ilipocheza Kinyumenyume

Nikiombwa kuhadithia hii stori, na huwa naombwa sana maana binamu yangu Wafula hawezi kuona watu wanne wameketi pamoja bila kuwaambia "muulizeni huyu kuhusu ile siku ya tenti", huwa natafuta kwanza kiti cha pembeni, mahali ambapo mtu hanioni uso vizuri. Miaka imepita, nimeoa, nimeota mvi mbili (mke wangu anasema ni nane), na bado nikifika pale kwa maikrofoni masikio yananichoma kama mtu aliyezabwa kofi. Lakini sawa, wacha niseme. Afadhali mnisikie mimi kuliko Wafula, ambaye siku hizi ameongeza mpaka mbwa kwa stori na hakukuwa na mbwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, wakati intaneti ilikuwa ya kwenda kununua kwa dakika na mtu mwenye laptopu alikuwa anaitwa injinia hata kama hajui kuizima. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja Westlands, na nilikuwa nimepanga chumba Dagoretti, kwa ploti ya Baba Njeri. Ploti yenyewe ilikuwa ya vyumba kumi vilivyozunguka uwanja wa simiti, na mwisho wa uwanja ndiyo nyumba kubwa ya mwenye ploti. Upepo ukitoka upande wa kichinjio, mtu alikuwa anafunga dirisha kwa sababu ya harufu, hata kama jua linawaka. Wikendi nilikuwa naweka muziki kwa harusi za watu na CD zangu na spika mbili, si kwa ustadi mkubwa, lakini watu walikuwa wanacheza.

Njeri ndiye alikuwa kifungua mimba wa hiyo nyumba kubwa. Alikuwa nesi, na alikuwa anaimba kwa kwaya ya kanisa lao. Jumamosi asubuhi alikuwa anafua pale kwa bomba karibu na mlango wangu, mimi nikiwa ndani najifanya nafanya mazoezi ya muziki, na akimaliza kuanika anakuja kuketi kwa ngazi yangu na mikono bado imelowa, tunaongea. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yangu yote. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa nahesabu maboksi ya watu Westlands nikingoja mtu afue nguo.

Miaka miwili, jamani. Miaka miwili ya ngazi, na sikuwahi kusema neno. Kila Jumamosi nilikuwa najiambia nitasema wiki ijayo.

Siku moja ameketi pale akaniangalia nikibonyeza CD, akasema, "Barasa, wewe huweki muziki, wewe unapasha chakula moto. Unabonyeza tu kitufe halafu unangoja. Baba alikuwa na ile mashine ya sahani zinazozunguka, hiyo ndiyo muziki. Unaona mtu anaishika na mkono."

Yeye alisema tu, akaenda zake kupika. Mimi sikulala vizuri hiyo wiki.

Basi kulikuwa na DJ mmoja wa baa ya Westlands aliyekuwa ameokoka. Alikuwa ametangaza kwamba anaachana na muziki wa dunia na anauza kila kitu, na kati ya hivyo vitu kulikuwa na mtambo ambao mimi nilikuwa nimeuona kwa mbali tu, nikiutamani. Ni hivi: una mashine mbili za kuchezea santuri, kama zile za zamani. Lakini santuri zenyewe hazina wimbo ndani, zina mlio mmoja tu wa kama mbu. Ule mlio unaingia kwa kisanduku fulani, kisanduku kinaingia kwa laptopu, na laptopu inasikia vile santuri inazunguka halafu inacheza wimbo wowote ulio nao humo ndani, kwa mwendo ule ule. Ukiishika santuri na mkono, wimbo unasimama. Ukiivuta nyuma, wimbo unarudi nyuma. Yaani unashika wimbo wa kompyuta na vidole! Nilipoona hivyo nilifikiria mtu mmoja tu, na hakuwa mtu wa harusi.

Nikanunua. Sitasema nilifanya nini kupata hizo pesa, ila kwa miezi kadhaa nilikuwa mwembamba. Yule DJ akanipa kila kitu ndani ya katoni ya mkate, isipokuwa kitabu cha maelezo, ambacho alisema kilipotea kabla hajaokoka.

Kabla hata sijafungua katoni vizuri, Njeri akaja kwa ngazi. Siku hiyo hakuwa amefua.

"Barasa, barua imekuja," akasema. "Nimepata kazi Uingereza. Hospitali."

Nikasema, "Hongera." Hilo ndilo neno nililopata. Hongera, kama mtu anayempongeza dereva kwa kupata leseni.

"Naondoka Jumatatu ya wiki mbili zijazo, na Jumamosi kabla ya hapo Baba anafanya maombi hapa uwanjani, na tenti. Wewe ndio utatuwekea muziki, sawa?" Akanipa CD. "Na hii ni ya kwaya yetu, tulirekodi. Wimbo wa tatu naanza mimi peke yangu. Uniwekee hiyo, Mama anataka watu wasikie."

Nikasema sawa. Akakaa kidogo, kama mtu anayengoja basi, halafu akainuka akaenda. Leo najua alikuwa anangoja nini. Siku hiyo nilidhani amechoka.

Sasa tuje kwa hilo kosa langu dogo, maana kila kitu kilianzia hapo. Kufunga ule mtambo kulinichukua jioni nne. Meza ilikuwa ndogo, kwa hivyo nikaweka mashine za santuri juu ya kabati la nguo la urefu wa kiuno, na waya zote nikazipitisha nyuma, nikasukuma kabati kwa ukuta. Waya zilikuwa zimechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri, nyekundu na nyeupe, nyeupe na nyekundu. Nikawasha, nikaweka CD ya Njeri kwa laptopu, nikashusha sindano, na sauti iliyotoka, ngai mwema, ilikuwa kama mtu anayemeza maneno badala ya kuyatoa. Wimbo ulikuwa unacheza kinyumenyume.

Nikampigia yule DJ aliyeokoka. "Ndugu, mbona nyimbo zinarudi nyuma?"

"Umepishanisha waya," akasema. "Ya kushoto umeweka kulia. Kompyuta inadhani santuri inazunguka upande ule mwingine. Vuta nyuma ya mashine uangalie, ni dakika mbili. Na, Barasa, umeshafikiria kuhusu roho yako?"

Nikamwambia nafikiria. Lakini kuvuta lile kabati, na vitu vyote juu yake, na mgongo wangu vile ulikuwa unaniuma! Nikaangalia mashine tena, nikaona karibu na swichi kuna kitufe kidogo kinachofanya sahani izunguke upande wa nyuma. Nikafikiri, kama kompyuta inasikia kinyume, si nizungushe kinyume, halafu kinyume cha kinyume kitakuwa sawa? Nikabonyeza kwenye zote mbili. Sahani zikaanza kurudi nyuma, na Njeri akaanza kuimba vizuri, sauti safi kabisa ndani ya chumba changu. Nikajiona mwerevu kuliko kiwanda kilichotengeneza hizo mashine. (Kulikuwa na shida ndogo kwamba sindano sasa ilikuwa inatembea kutoka katikati kwenda ukingoni, na baada ya nyimbo kadhaa ilikuwa inaanguka nje ya santuri, krrrak! Nikasema nitakuwa naiangalia.)

Na wiki hizo mbili, niwaambie ukweli, sikufanya mazoezi ya kitu kingine. Nilikuwa natoka kazini, nabadilisha shati, navaa visikizio vya masikioni, naweka wimbo wa tatu. Kuna mahali anaimba mstari mmoja peke yake, sekunde nne hivi, halafu kwaya inaingia na kumfunika. Nilikuwa naacha mpaka kwaya ikaribie, naishika santuri na vidole viwili, naivuta taratibu, namrudisha mwanzo. Tena. Tena. Nilikuwa na nyimbo elfu mbili kwa hiyo laptopu na kazi yangu yote ilikuwa kumzuia mtu mmoja asifike mwisho wa mstari.

Jumamosi ikafika. Tenti nyeupe uwanjani, viti vya plastiki, sufuria za pilau na mukimo, kina mama wa kanisa na vitambaa vyao kichwani, wajomba kutoka Limuru, Pasta na mke wake kwa kochi la mbele. Mtambo wangu sikuutoa nje, ulikuwa umeshakaa juu ya kabati, kwa hivyo nilivuta spika tu mpaka uwanjani na mimi nikabaki ndani ya chumba, dirisha wazi, kama mtu wa redio. Wafula alikuja kunisaidia. Yeye alikuwa anafanya kazi ya bustani kwa boma moja Lavington, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini na nyasi bado kwa viatu.

Mwanzo kila kitu kilienda poa. Sindano ilianguka mara moja tu, watu wakashtuka, wakacheka. Njeri alikuwa amevaa gauni la bluu na amesuka nywele. Mara moja aliinua macho akatazama dirishani, akaona sahani zinazunguka na mkono wangu juu yake, akatabasamu vile hakuna mtu amewahi kunitabasamia tangu hapo, na simwambii mke wangu hiyo sehemu.

Pasta akaanza kuhubiri. Akahubiri, akahubiri. Katikati ya mahubiri stima ikapotea, na yeye hata hakujua, maana sauti yake haikuhitaji stima. Baada ya robo saa ikarudi. Taa ndogo za mashine zikawaka tena, sahani zikaanza kuzunguka zenyewe, na mimi nikapumua. Sikukumbuka kitu kimoja, kwamba mashine ikizimika na kuwaka inasahau ulichobonyeza. Zilikuwa zimerudi kuzunguka upande wa kawaida, na laptopu ilikuwa bado inasikia kinyume.

Pasta akamaliza. "Na sasa, wapendwa, tuinamishe vichwa, tumsikie binti yetu akimwimbia Bwana."

Vichwa vikainama. Wimbo wa tatu. Nikashusha sindano.

Sijui niwaeleze vipi. Mchukue mwanamke mwenye sauti tamu, mgeuze maneno yake ndani-nje, halafu muweke kwa spika mbili kubwa mbele ya kanisa zima limefunga macho. Ilikuwa inanyonya na kuguna, na jina la Yesu likatoka kama kitu kingine kabisa. Macho yote yakafunguka. Mtoto akalia. Mama mmoja wa maombi akaruka kutoka kwa kiti mkono juu: "Nakukemea! Toka! Toka katika hii boma!" Na wengine wawili wakaanza kunena pamoja naye. Mjomba mmoja akachukua sahani yake ya pilau akaenda kusimama karibu na geti.

"Zima hiyo kitu!" Pasta akapiga kelele.

Mtu mwenye akili angeinua sindano. Mimi nikaishika santuri na mkono na kuivuta nyuma, maana mkono ulikuwa umezoea kumrudisha huyo msichana, na kweli wimbo ukageuka ukaanza kwenda mbele, lakini kwa mwendo wa mkono wangu, mara polepole, mara haraka. Kwa hivyo Njeri akaimba kwa sauti ya mzee wa miaka tisini, halafu ya panya, halafu ya mzee tena. Kwa dirisha nikamwona Mama Njeri ameshika kichwa. Hapo ndipo Wafula aliinua sindano.

Mtoto peke yake akaendelea kulia.

Nikachukua maikrofoni. "Wapendwa," nikasema, "samahani sana, si mapepo, ni waya." Kuna watu walicheka. Pasta akasema basi tutaendelea na chakula kwanza, fundi atengeneze. Nikaweka maikrofoni juu ya kabati, kando ya laptopu, nikakaa kwa kitanda na kichwa mikononi.

Maikrofoni sikuizima.

"Manze, umeniua," Wafula akasema, anacheka mpaka anashika ukuta.

"Wacha, Wafula. Na huyu Pasta naye, kama angehubiri dakika kumi kama watu wengine, stima ingetupata tukiwa tumemaliza. Saa nzima watu wana njaa!"

Nje nikasikia kicheko. Nikadhani wanaongea yao.

"Lakini kwa nini ulileta huu mtambo leo?" Wafula akauliza. "Si ungekuja na CD zako kama siku zote?"

"Sababu yake."

"Ya nani?"

"Njeri. Nani mwingine? Wewe unadhani mimi nilikosa chakula cha mchana miezi yote hiyo niwapendeze watu wa harusi? Alisema anapenda muziki wa kushika na mkono. Basi. Nikanunua." Nilikuwa nimeanza, na sikuweza kusimama. "Nampenda, Wafula. Miaka miwili nampenda. Sijui hata saa ngapi jua linafika kwa chumba changu, lakini najua saa ngapi anakuja kwa bomba. Jumatatu anaenda na mimi sijamwambia kitu. Nitamwambia nini sasa? Mimi karani wa stoo, yeye anaenda kuona theluji. Na baba yake akisikia atanitoa kwa hii nyumba na kitanda changu juu ya kichwa."

Wafula alinionyesha nje kwa kidole. Alikuwa amesimama dirishani na mdomo wazi. Nikainuka nikaangalia. Watu wote wa tenti, na sahani zao mikononi, walikuwa wameelekeza nyuso kwa chumba changu. Hakuna aliyekuwa anatafuna. Halafu nikasikia pumzi yangu mwenyewe, kubwa, ikitoka kwa spika uwanjani.

Nikazima. Kulikuwa na faida gani?

Mlango ukafunguka, Baba Njeri akasimama pale na koti lake la suti. Nikasimama wima kama askari. Akaangalia mashine, akaangalia waya, akaniangalia mimi.

"Barasa," akasema.

"Naam, Baba."

"Chakula kinapoa. Tokeni mje mle."

Akaenda. Mimi sikutoka. Ningetoka na uso gani? Wafula akaenda peke yake (akala mara mbili, msaliti), na mimi nikakaa chini, mgongo kwa kabati, mpaka nikasikia mtu ameketi kwa ngazi yangu upande wa nje. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.

"Barasa."

"Njeri, nisamehe. Nimekuharibia siku."

"Hujaharibu." Akasogea karibu na mlango. "Ulikuwa unangoja nini?"

Nikasema, "Nilidhani kuna wakati."

"Mimi nilikuwa nakuja kwa hii ngazi kila Jumamosi," akasema. "Kwa nyumba kubwa kuna bomba ndani, Barasa. Kuna bomba mbili."

Na mimi, niliyeishi hapo miaka miwili na kusaidia kubeba tangi la maji la hiyo nyumba, sikuwahi kujiuliza. Nikafungua mlango. Alikuwa analia kidogo, na anacheka kidogo, akanishika mkono, mbele ya kina mama wote wa kanisa, tukakaa hivyo mpaka mama yake akamwita apige picha na wajomba. Hiyo ndiyo ilikuwa yetu. Labda dakika tano.

Jumatatu akaenda. Tuliandikiana barua pepe, mimi nikikimbia mjini kila Jumamosi kuzisoma kwa saiba, duka la intaneti, la barabara moja nyuma ya Tom Mboya, zikawa ndefu, zikawa fupi, zikawa za sikukuu. Mwaka wa tatu akaandika kwamba ameposwa na mtu wa huko, mtu mzuri, na aliandika polepole, nikaona hivyo kwa maneno. Nikamjibu. Nilijaribu sana lisiwe neno "hongera", lakini mwishowe ndilo lililobaki.

Nilipohama ile ploti, Mama Njeri alikuja getini kuniaga na mfuko wa parachichi. Akasimama kando ya pikapu, akaniambia, "Unajua, Barasa, wiki ile barua ilikuja, Baba yake aliniuliza kama wewe unakunywa pombe. Nikamwambia sijawahi kukuona na chupa, naona tu maziwa. Akasema basi, akija kuongea tutamsikiza." Akanipa parachichi. "Tukangoja. Hukuja."

Nikamwambia asante, Mama. Nikapanda pikapu na ule mfuko mapajani, na mpaka Kawangware nilikuwa namwonyesha dereva njia isiyo yetu.

Kwa hivyo mimi nilijiapia. Nikiwa na neno la kumwambia mtu, nampelekea siku hiyo hiyo, hata kama mdomo una chapati. Yule niliyemwoa nilimwambia wiki ya pili, tukiwa kwa foleni ya kuchukua kitambulisho, mbele ya watu kama sitini, bila maikrofoni. Akasema nipunguze sauti. Sikupunguza.